Fundo la Mgongoni

Wanaume waliomwosha mwanangu Safari kabla ya kumzika ndio walioniletea kabuti lake. Walikuwa wamelikamua, lakini bado lilikuwa zito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Safari, utusamehe. Tulikata mipira na kisu. Mafundo ilikatala kufunguka."

Siku ile sikuwa na masikio ya kusikia. Nililisukumia kabuti pembeni mwa nyumba, nikarudi kulia. Matanga yalipokwisha na watu wakarudi makwao, nililitandaza juani likauke, na hapo ndipo nilipoona. Mbele, mikanda ya mpira ilikuwa imekatwa. Nyuma, katikati ya mgongo, mafundo yalikuwa bado yamekaza, hayajafunguka hata moja. Nilijaribu kuyafungua kwa vidole, kwa kucha, kisha kwa meno. Nimekaa nchi kavu, mikono yangu yote miwili iko huru, kabuti liko mbele ya macho yangu, na bado nilishindwa. Yeye angewezaje?

Niseme jambo hili wazi kwa asiyejua kazi ya ziwa la kwetu Baraka. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuka maji, baridi yake inauma mpaka kwenye mifupa. Wavuvi wanatoka jioni na taa zao, wanarudi asubuhi na ndagala, dagaa wetu wadogo, na muda wote huo wamekaa wamelowa. Kwa hiyo wananunua sokoni makabuti ya mitumba, yale mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Miguuni wanavaa buti za mpira, zile zile wanazovaa wachimba dhahabu wa Misisi. Halafu wanaziba kila mahali upepo unapoweza kuingia, kifuani, kiunoni, kwenye vifundo vya mikono, juu ya buti, kwa vipande vya mpira wa tairi la pikipiki.

Na hawajifungi wenyewe. Hapo ndipo penye ujinga, na ninauita ujinga kwa sababu aliyekufa ni wa kwangu. Kila mvuvi ana mwenzake wa kumfunga, na fundo linakaa mgongoni. Anayekufunga ndiye ndugu yako ndani ya mtumbwi, na ndiye atakayekufungua mkirudi. Mwanaume akijifunga mbele, wenzake wanamcheka mpaka wanatokwa machozi. Wanamuuliza kama anafunga kitenge, wanamuuliza mimba ina miezi mingapi. Basi wote wanakubali kufungwa nyuma kama magunia ya muhogo, tena wanaona fahari.

Safari alifungwa na Willy, rafiki yake tangu shule. Asubuhi ile walikuwa wamekaribia nchi kavu kabisa. Godelieve, jirani yangu ninayeanika naye ndagala, aliona kwa macho yake. Wimbi liligeuza mtumbwi ubavu na Safari akaanguka. Huyu ni mtoto aliyejua kuogelea kabla hajajua kusoma. Akazama, akaibuka, akazama tena. Hakupiga kelele hata kidogo. Wenzake walidhani anatania, na walipogundua kwamba si utani walikuwa wamechelewa.

Mwenye mtumbwi na nahodha wake ni Haruna, mdogo wangu wa tumbo moja. Matangani niliwasikia watu wakimuuliza imekuwaje, nami nilikuwa ndani na bamama wengine. Akawajibu, "Safari alistuka. Mwanaume akistuka mu maji, njo mwisho." Watu wakaguna, wakakubali. Sikutoka kumjibu, maana mfiwa hagombani matangani. Kumbe mwanangu alikufa kwa woga! Mimi si mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kule kulinichosha kuliko kulia.

Desturi ya mtumbwi wa Haruna ni kwamba nafasi ya marehemu inachukuliwa na mdogo wake, na nafasi inakwenda pamoja na kabuti. Haruna mwenyewe alirithi hivyo. Basi alasiri moja akaja kwangu ameshika buti mpya, akakaa, akanywa chai yangu, akaniuliza habari za mgongo wangu. Nilijua kuna jambo, kwa sababu mgongo wangu haujawahi kumhusu.

"Yaya," akasema mwishowe, kwani mimi ni dada yake mkubwa, "Yunusu ataingia mu mutumbwi siku ya Ijumaa. Nilimuletea buti. Kabuti ya kaka yake iko wapi?"

Yunusu ndiye mwanangu wa pili, na sasa ndiye wa pekee. Baba yao alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, akachimbua mke mwingine, hatujamwona tena. Yunusu ni mwanaume mzima, ana mchumba anayemsubiri kule Fizi, na wakati huo alikuwa amesimama mlangoni akizitazama zile buti kwa tamaa.

"Kabuti iko pale," nikasema. "Hapana muntu ataivaa."

"Yaya, ku ziwa iko baridi. Unataka mutoto akufe na baridi?"

"Nani alishakufa na baridi, Haruna? Unitajie jina yake. Moja tu."

Akakuna kidevu. Akatazama juu kwenye mabati kana kwamba jina limeandikwa huko.

"Sasa mi nikutajie mwenye alikufa na kabuti?"

Hapo akakasirika, akaweka kikombe chini. "Safari hakukufa na kabuti! Alistuka. Baba alikuwa anavaa vile, na mi navaa vile toka nilikuwa kijana, na niko hapa mbele yako."

"Uko hapa sababu haujaanguka."

Yunusu akaingilia kati, sauti yake imejaa aibu. "Mama, wacha. Mi siko mutoto. Nikikatala kufungwa bataniita mwanamuke, na hapana muntu atataka kukaa na mi mu mutumbwi."

Nataka nieleweke vizuri. Sikumkataza mwanangu ziwa. Mimi nakula kwa ndagala, nauza ndagala, nimewalea kwa ndagala, na kama kila mama angewafungia wanawe nyumbani sijui tungekaanga nini. Nilichokataa ni fundo. Niliapa moyoni kwamba mwanangu wa pili hataingia kwenye yale maji akiwa amefungwa mahali ambapo mkono wake haufiki, hata kama itabidi nilale mchangani mbele ya mtumbwi na wanikanyage.

"Ijumaa mi mwenyewe nitaleta ile kabuti ku ziwa," nikamwambia Haruna. Yeye akadhani ameshinda. Akamaliza chai yangu yote, akaenda zake.

Jambo jingine lililonikera siku zile lilikuwa jina. Watu walikuwa wameanza kuniita Mama Yunusu, wakidhani wananionea huruma. Kila aliyeniita hivyo nilimwambia arudie, aseme Mama Safari. Mtoto hafutwi jina kwa sababu amekufa. Wengine waliona nimeanza kuchanganyikiwa, na niliwaacha waone hivyo.

Ijumaa baada ya sala nilijitwika kabuti kichwani, nikateremka ziwani. Nilikuwa nimeshalitilia mikanda mipya ya mpira mahali pa ile iliyokatwa. Godelieve, ambaye hataki kukosa kitu, aliziacha ndagala zake kwa kunguru akanifuata. Wavuvi walikuwa wamekaa mchangani wakishona nyavu na kujaza mafuta. Haruna alikuwa amesimama kando ya mtumbwi wake, na Yunusu pembeni yake ameshavaa buti. Nikalitupa kabuti miguuni pa Haruna.

"Vaa."

"Mi? Iko ya Yunusu."

"We njo unasema muntu hakufi na kabuti, anakufa na kustuka. Na we haustukake. Basi vaa, na buti, ufungwe nyuma, uruke pale mbele, uogelee mupaka hapa. Ukifika, Yunusu ataivaa, na mi sitasema tena neno hata moja."

Kisha mtu wa mtumbwi mwingine akacheka, na kicheko hicho kikawaita wengine. Wakaacha nyavu zao, wakaja kutuzunguka. Haruna alitazama maji. Pale nilipomwonyesha hapakuwa mbali, na alipokuwa kijana alikuwa akienda na kurudi hapo na sigara inayowaka mdomoni.

"Na kama nakatala?" akauliza.

"Ukikatala, utakuwa umestuka."

Godelieve akapiga vigelegele. Ni mchokozi yule mama, Mungu amlinde. Baada ya vigelegele Haruna hakuwa na njia ya kurudi nyuma, akanyoosha mkono akaokota kabuti.

Mimi si mwuaji. Nilichukua kamba ya nailoni, ile nzito ya kuvutia wavu, nikamfunga Haruna kifuani chini ya makwapa kabla hajavaa kabuti, na ncha yake nikaishika mwenyewe. Kisha nikamtafuta Willy. Tangu siku ile ya Safari, Willy alikuwa amerudi kazini lakini hakuwa amemfunga mtu yeyote. Alikuwa akitoa visingizio, mara kidole kinamuuma, mara ana haraka.

"Willy, kuja umufunge."

"Mama Safari, unisamehe. Mikono yangu inakatala."

"Umufunge vile ulimufunga mwanangu. Usipunguze."

Akamfunga. Nilimtazama akivuta mpira kwa nguvu, akikaza goti lake kwenye mgongo wa Haruna, akipiga fundo juu ya fundo huku machozi yakimtoka mbele ya watu wote. Sikumchukia Willy hata siku moja. Alikaza hivyo hivyo kwa Safari kwa sababu alimpenda, hakutaka asikie baridi. Nilimwekea mkono begani.

Nilipoinua mguu kupanda mtumbwi, mzee mmoja akalalamika kwamba mwanamke akiingia kwenye mtumbwi wa uvuvi samaki wanakimbia.

"Batanizoea," nikamjibu, nikapanda.

Willy akashika kasia upande mmoja, Yunusu upande mwingine. Haruna alikaa mbele, amenyooka kama waziri kwenye gari lake. Tulipofika mahali ambapo maji yanageuka rangi na chini hakuonekani, akasimama, akanitazama, akatabasamu, akaruka.

Nikiri kwamba mwanzoni nilitishika kwamba nimekosea. Kabuti lilikuwa limejaa hewa, likamwinua. Haruna alielea kifua kikiwa juu, akatikisa kichwa kuondoa maji machoni, akapaza sauti, "Unaona, yaya? Unaona?" Watu nchi kavu wakapiga makofi. Yunusu akanitazama kwa huruma. Haruna akaanza kupiga mikono kuelekea mchangani, na nilihesabu moyoni aibu itakayonipata.

Kisha kabuti likaanza kunywa. Liliacha kuelea, likakaa sawa na maji, likaanza kuvuta. Haruna alipiga mikono kwa nguvu zaidi lakini miguu yake haikuja juu, buti zilikuwa zimejaa na mipira imezikaza zisitoke. Akasimama wima ndani ya maji. Kola ngumu ikapanda ikamfunika kidevu, ikafunika mdomo. Nikaona mikono yake ikienda mgongoni, ikitafuta, ikipapasa. Vidole vilifika karibu na fundo lakini havikuligusa. Akanitazama. Macho yake yalikuwa yanasema mambo mengi, na hakuna sauti iliyotoka. Akaenda chini, na kamba ikaanza kunitoka mikononi.

Niliishika kamba, ikasimama. Lakini sikuivuta.

Nisingependa kulisema hili, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka ajue. Nilitaka yule aliyesema mwanangu alistuka akae kule chini ajue jinsi kulivyo. Hasira niliyoimeza tangu matangani ilinijia yote mikononi, na mikono ikawa mizito.

"Mama, vuta!" Yunusu akapiga kelele. "Mama, ni mujomba!"

Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zote nilizo nazo, na hazikutosha. Willy akaacha kasia, akashika kamba nyuma yangu, Yunusu akashika naye, na sisi watatu tulimleta Haruna juu kidogo kidogo mpaka kichwa kikatoka. Tukajaribu kumwingiza mtumbwini. Hatukuweza. Kabuti lilikuwa limebeba maji kama pipa, na tulipomwinua mtumbwi ulitaka kupinduka. Yunusu akalala kifudifudi akamshika kola kwa mikono miwili, kichwa kikae juu, Willy akapiga kasia peke yake, na tukamburuta hivyo hivyo hadi nchi kavu. Kila wimbi lililopita juu ya uso wake nilisema jina la Mungu.

Walimtoa wakamlaza kwa tumbo mchangani. Alitapika maji, akatapika tena chai na ugali, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Alipopata pumzi kidogo, mikono yake ikarudi mgongoni yenyewe, ikaanza tena kupapasa. Willy akapiga magoti afungue, maana yeye ndiye aliyefunga. Vidole vyake vikateleza. Akajaribu kwa meno, mpira umelowa, fundo limekaza kama jiwe. Wenzake walimtazama Willy akihangaika na fundo lake mwenyewe, akiwa na macho yake na mikono yake, mahali pakavu. Mwishowe mmoja akamletea kisu.

Haruna alikaa, kabuti limefunguka mbele, kifua kinapanda na kushuka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Yaya, nilikuwa nakuita. Ulisikia?"

"Hapana."

"Nilikuita sana. Kola ilinifunga kinywa." Akakohoa. "Mi nilikuwa najua kama kamba iko. Nilikuwa najua kama uko unaishika. Na bado niliona kufa." Akawageukia watu wake, wale waliomsikia matangani. "Safari hakustuka. Nilisema vibaya. Yeye hakukuwa na kamba. Alikuwa anatuita, na sisi tulikuwa tunamuangalia."

Nililia pale mchangani bila haya, mbele ya wanaume wote. Godelieve alinishika kiuno. Yunusu alikuwa ameinama, anavua buti. Moja ilikataa kutoka, akaivuta kwa hasira mpaka akaanguka kwa makalio.

Sitaki kudanganya kwamba Baraka nzima ilibadilika siku ile. Nahodha mmoja alisema Haruna amezeeka, pumzi yake imekwisha, na jioni hiyo watu wake walifungana migongoni kama kawaida. Niliamua kuanza na yeye kesho yake, na siku inayofuata kwenda kwa mwingine. Sauti ninayo, na miguu ya kuteremka ziwani ninayo. Lakini kwenye mtumbwi wa Haruna amri ilitoka pale pale. Buti zibaki nchi kavu. Atakayevaa kabuti aliache wazi, na kama ni lazima kufunga, ajifunge mwenyewe mbele kwa kitanzi kinachofunguka kikivutwa, na anayetaka kucheka acheke. Jile za kuelea, zile fulana nene za kumzuia mtu asizame, ambazo walikuwa wakizikalia kama mito ya viti, zikatolewa chini ya ubao. Zilinuka samaki wa mwaka mzima, tena hazikutosha wote. Haruna hakutoka jioni ile, kifua kilikuwa kinamuuma, akampa Willy mtumbwi na akamvalisha Yunusu jile yake mwenyewe.

Wakasukuma mtumbwi majini. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya milima ya Fizi na upepo wa kusini umeshaanza. Yunusu alikuwa na sweta nyembamba chini ya ile jile, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini. Nilisimama majini kando yake, nimeushika ukingo wa mtumbwi, na nilimwona anavyotetemeka. Meno yalikuwa yanagongana, naye anajitahidi wenzake wasisikie.

"Mama," akaninong'oneza, "iko baridi."

"Isikie," nikamwambia. "Isikie sana, mutoto wangu. Usikie baridi usiku muzima, na asubuhi urudie uniambie ilikuwa namna gani."

Nikauachia mtumbwi.